Mwenyekiti Umempa Mstari Mmoja

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tukuyu, nina mke na watoto wawili. Naomba jina langu lisitoke, maana huku Rungwe tunafahamiana.

Kaka yake mke wangu anaishi Marekani, jimbo la Minnesota, miaka mingi sasa. Amekuja likizo tangu mwezi wa saba. Shemeji ni mkarimu sana. Ameezeka upya nyumba ya wazazi wao, amegharamia matibabu ya mama mkwe kule Mbeya, na ada ya mwanangu mkubwa mwaka huu ametoa yeye. Huko Minnesota amejifunza kuwinda bata mwitu, na safari hii alikuja na begi zima la bata wa plastiki. Wamepakwa rangi hadi jicho. Chini wana uzito wa kuwafanya wakae wima, na kila mmoja ana kamba yenye kipande cha chuma cha kutia nanga. Ukiwaweka majini wanageuka na upepo kama wazima.

Jumamosi moja tuliondoka saa kumi alfajiri tukaenda kwenye ziwa moja la volkeno upande wa Masoko. Gari tuliliacha kwenye migomba tukashuka kwa miguu, ukungu umefunika kila kitu. Bunduki ni ya baba mkwe, anaimiliki kwa leseni tangu zamani. Yeye alibaki nyumbani kwa sababu ya magoti. Mtumbwi tuliazima. Mwenyekiti wa kijiji ananifahamu, nimemfundisha binti yake, nilimwambia jioni yake kwamba shemeji anapiga picha za ndege.

Shemeji alivaa suruali ya mpira inayofika kifuani, akawapanga bata wake majini, akaacha uwazi katikati, kisha tukajificha kwenye matete. Kulipopambazuka wakaja bata sita, wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi. Walizunguka ziwa, wakarudi, wakatuliza mabawa, wakashusha miguu. Shangazi, walikuwa wanakuja kwa wenzao! Shemeji akafyatua mara mbili. Wawili walikufa pale pale. Mmoja alianguka akipigapiga maji, akazama, hakuibuka tena. Mwingine alikimbilia matete bawa likining'inia. Tulimtafuta kwa mtumbwi hadi jua likawa kali, tukaishia kumsikia. Wakati wa kukusanya vitu bata wawili wa plastiki hawakuonekana, nadhani kamba zilikatika. Tukaondoka.

Wale wawili mama mkwe aliwaunga na ndizi. Mimi sikula. Shemeji akasema mbele ya watu kwamba mwalimu ana moyo wa kifaranga, wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Tangu siku ile silali vizuri. Najiuliza, wale ndege walishuka kwa sababu waliona wenzao wametulia. Waliamini. Kumuua aliyekuamini si usaliti? Au ni kweli mimi ni mwoga? Sasa shemeji anataka turudi kabla hajaondoka, safari hii na rafiki zake wawili kutoka Mbeya, na mimi ndiye nitakayezungumza tena na watu wa kijiji. Nikikataa nitaonekana sina shukrani. Nisaidie, Shangazi.

Mwalimu, Tukuyu

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hii niliyoichapa, na sehemu niliyopunguza karibu yote ilikuwa ya bata: rangi ya uso wao, mluzi wao, namna walivyogeuza shingo. Umeandika vizuri hadi nimewaona. Mimi nimekulia Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, ndege hao nawajua. Tulikuwa tunakwenda kulinda mpunga na kombeo mkononi, kufukuza kwelea mchana, na usiku unalala unasikia mluzi wa bata wakipita juu ya bati kwenda kula.

Nianze na swali ulilouliza, halafu nije kwenye lile ambalo hukuuliza.

Umeuliza kama kumlaghai ndege ni usaliti. Mwanangu, kama huo ni usaliti basi kila mvuvi wa Ziwa Nyasa anayefunga chambo kwenye ndoano ni msaliti. Kule Nyanza na magharibi ya Kenya watu wamekamata kware kwa vizazi kwa kumtundika kware mwenzao kwenye kitundu juu ya mti mrefu, aite alfajiri, na wanaoitikia wanakuta mitego chini. Hata hao bata wa kuigiza si uvumbuzi wa kiwanda. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock huko Nevada, Marekani, wachimbuaji walikuta bata waliosukwa kwa mimea ya majini, wengine wamepambwa kwa manyoya ya bata halisi, wamefungwa na kufichwa vizuri kama zana ya mtu aliyetegemea kurudi msimu mwingine. Wana umri wa miaka 2,000 hivi. Watu wa kale wale walikuwa na njaa na walikuwa na akili, na sioni wa kuwalaumu.

Kwa hiyo hapo nakutua mzigo. Mwindaji hushindana na macho makali, masikio na mabawa, na hila ndiyo silaha yake ya kwanza. Shemeji wako alijua anachofanya. Bata hutua akielekea upepo, kama ndege ya abiria, na anahitaji nafasi ya kutua. Ndiyo maana aliacha uwazi katikati, ili waje pale pale alipotaka waje, karibu na bunduki. Kufanya hivyo kunahitaji ujuzi. Na maziwa yenu hayo ya volkeno si maji ambayo bata angeyachagua mwenyewe. Bata hawa wanataka maji ya kina kifupi, tope, mbegu, mpunga. Ziwa Masoko lina kina cha zaidi ya mita 30 na kingo zake zinaanguka kama ukuta. Bata anayepita juu akiona wenzake wameketi katikati ya maji ya namna hiyo, anadhani wamegundua kitu ambacho yeye hakijui.

(Na hiyo suruali ya mpira ya shemeji. Kwenye bwawa la Minnesota lenye maji ya kiunoni ni sawa. Kwenye ziwa ambalo ukipiga hatua mbili chini hakuna ardhi, ikijaa maji kuogelea na kupanda ukingoni kunakuwa kazi kubwa. Mwambie hilo hata kama hutamwambia lingine lolote.)

Lakini hila nazo zina mipaka, na kuna mahali imevukwa hapa hapa Afrika Mashariki. Kwenye skimu ya mpunga ya Bunyala, kaunti ya Busia nchini Kenya, mtafiti wa ndege Martin Odino alieleza jinsi watu walivyokuwa wakimfunga korongo aliye hai katikati ya jaruba, yule korongo mweusi anayekula konokono, ili kundi likimwona lishuke. Konokono na mpunga uliotandazwa kumzunguka vilikuwa vimetiwa Furadan, dawa ya kuua wadudu wa mimea. Ndege walishuka, wakala, wakaanguka, wakakusanywa kwenye magunia na kuuzwa kama kitoweo. Bata wenye uso mweupe walikufa pale pamoja nao. Na watu walinunua, wakapika, wakawapa watoto. Nimekuandikia hili kwa sababu katika barua yako umejiweka kundi moja na ukatili ambao hujaufanya. Plastiki haisikii maumivu, na risasi iliyolengwa vizuri inamaliza kazi mara moja.

Iliyolengwa vizuri, nimesema.

Hapo ndipo nadhani moyo wako ulipokwama kweli, ila umeupa jina lisilo lake. Wale wawili waliokufa papo hapo hawakusumbui. Ukisoma tena barua yako utaona umewapitia haraka. Kinachokurudia usiku ni aliyezama na yule wa kwenye matete. Marisau, zile chembe za ndani ya risasi, hutawanyika. Kadiri ndege anavyokuwa mbali ndivyo chembe zinavyoachana, na kinachompata ni mbili au tatu, za kumvunja bawa bila kumuua. Bata aliyejeruhiwa huweza kuzama na kujificha kwenye majani, mdomo tu ukitokeza. Ndiyo maana wanaowinda namna hii kwa makini hufuga mbwa aliyefundishwa kuingia majini kumtafuta majeruhi, na ndiyo maana wakiona ndege yuko mbali wanamwacha apite. Ninyi mlikuwa na mtumbwi wa kuazima na macho manne. Aliyesikia huruma hapo si mwoga. Huyo aliyekuita kifaranga, muulize mwenyewe bata yule aliishia wapi.

Tukiwa hapo kwenye marisau: kama zile risasi alizikuta kwa baba mkwe, karibu hakika ni za madini ya risasi, ambayo ni sumu. Bata humeza vijiwe vidogo ili firigisi isage chakula, na hawezi kutofautisha kijiwe na chembe ya marisau iliyolala kwenye tope. Anaimeza, inasagika, anakufa polepole wiki kadhaa baadaye, hana jeraha lolote. Marekani walipolijua hili walipiga marufuku marisau ya aina hiyo kwa kuwinda ndege wa maji, nchi nzima, tangu 1991. Shemeji wako analijua hilo. Huko kwao hathubutu kuyapakia kwenye bunduki.

Na si hilo tu. Minnesota haendi kuwinda bata bila leseni ya jimbo. Haendi bila stempu ya bata ya serikali kuu, ambayo kila mwindaji mtu mzima analazimika kuinunua tangu sheria ya 1934. Kuna idadi ya ndege asiyoruhusiwa kuizidi kwa siku. Kuna kanuni inayomtaka afanye juhudi ya kweli kumpata ndege aliyempiga. Kutumia bata hai kama chambo kulikatazwa 1935, ndiyo maana kiwanda kinamuuzia wa plastiki. Askari wa wanyamapori anaweza kumtokea kwenye matete alfajiri akamtaka afungue begi, naye atafungua, na atasema "ndiyo, afande" kwa Kiingereza safi.

Alipofika Rungwe, yote hayo aliyaacha uwanja wa ndege. Silaha ya mtu mwingine, hakuna leseni ya kuwinda, na majeruhi aliachwa majini. Simwiti mtu mbaya. Mtu anayeezeka nyumba ya wazazi wake si mbaya. Ila amejizoesha kudhani kwamba sheria ni kitu cha kule, na huku ni nyumbani, na nyumbani mambo yanakwenda kwa kujuana.

Na wa kujuana naye ni wewe.

Sasa nije kwenye ule mstari. Katika barua nzima, kurasa zile zote, mwenyekiti wa kijiji umempa mstari mmoja, umeubana kati ya mtumbwi na matete kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Nilimwambia jioni yake kwamba shemeji anapiga picha za ndege. Nukta. Halafu ukarudi kwa bata.

Mwanangu, umeniuliza kuhusu usaliti wa ndege, na mimi nakuuliza kuhusu mwenyekiti. Bata hawakufahamu. Mwenyekiti anakufahamu, binti yake umemfundisha, na neno lako ndilo lililowafungulia njia ya kushuka ziwani. Kama angekuja shemeji peke yake na begi lake na lafudhi yake, angeulizwa maswali: wewe nani, kibali kiko wapi, begi lina nini. Hakuulizwa, kwa sababu alikuwa na mwalimu.

Tena nikwambie jambo ambalo nadhani hujaliwaza. Unaamini mwenyekiti bado anadhani zilikuwa picha. Mlifyatua risasi mbili alfajiri ya kimya, ndani ya shimo la volkeno lenye kuta pande zote. Mlio ule ulizunguka ukarudi ukazunguka tena. Hakuna mtu kijijini ambaye hakuamka. Kamera gani hiyo? Na wale bata wawili wa plastiki unaosema kamba zilikatika, nani unadhani anao? Watoto wa kijiji chochote chenye ziwa hawaachi hata kandambili iliyoelea. Kabla ya saa nne asubuhi ile bata mwenye jicho la rangi alikwishatembezwa nyumba kwa nyumba. Huenda mwenyekiti anaye mezani.

Anajua. Amekaa kimya kwa heshima yako. Na sasa unataka kwenda kumtazama usoni mara ya pili, ukiwa na watu wawili zaidi asiowajua, umwambie tena habari za picha.

Hilo nakukataza, na nimetumia neno hilo kwa makusudi, maana katika safu hii huwa nashauri tu.

Upande wa sheria nitakuwa mfupi, mimi si wakili. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila leseni ya kuwinda, na ndege wa porini nao wamo. Leseni ya kumiliki bunduki si leseni ya kuwinda. Hivyo ni vitu viwili, watu wengi wazima wanavichanganya, na nahisi baba mkwe ni mmojawao. Silaha nayo iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mwenye leseni ni mtu, si ukoo. Haiazimwi kama jembe. Nyama na manyoya ya mnyama aliyewindwa kinyume cha sheria vinaweza kukuletea kesi ya nyara za serikali, na magereza yetu yana watu waliodhani ni kitoweo tu. Kabla hujaandika au kutia sahihi chochote ofisi yoyote, mwone wakili, au msaidizi wa kisheria hapo wilayani kama mfuko hauruhusu. Usiniandikie mimi maelezo zaidi ya hayo.

Halafu mambo ya kifamilia, ambayo ndiyo yanayokutisha kuliko mahakama. Najua.

Mkeo hukumtaja hata mara moja kwenye suala hili. Ni kaka yake, ni baba yake, ni mama yake aliyepika, na wewe umelala kando yake usiku unageukageuka bila kumwambia. Anza naye. Si kumwomba akusemee, maana ukimtuma dada akamseme kaka utakuwa umeleta vita ya bure. Mwambie ili ajue mumewe anakataa nini na kwa nini, asije akasikia kwa wengine kwamba umemdharau kaka yake. Na akikuambia "lakini ada ya mtoto…", sikiliza hadi mwisho. Hofu hiyo ni ya haki. Mjadiliane kabisa mtafanya nini kama mwakani ada haitoki Minnesota. Mkishalipangia mpango, halitawashika tena koo.

Baba mkwe mwendee peke yako, mchana, wakati hakuna wageni. Mpelekee habari ya bunduki tu, usimpelekee kesi ya mwanawe. Kaa chini, msalimie vizuri, ongeeni habari za mvua na za ng'ombe kwanza kama inavyopasa, kisha mwambie hivi: "Baba, ile bunduki imeandikwa jina lako. Likitokea la kutokea, atakayeitwa polisi ni wewe na magoti yako. Shemeji atakuwa kwenye ndege anarudi. Naomba isitoke tena ndani ya nyumba hii bila wewe." Wazee wengi wenye bunduki ya zamani wanaogopa jambo moja kuliko yote, kunyang'anywa silaha uzeeni mbele ya majirani. Atakuelewa haraka kuliko unavyodhani. Na bunduki ikibaki kabatini, nusu ya ugomvi wako na shemeji imekwisha bila wewe kufungua mdomo.

Nusu iliyobaki fungua mdomo. Usijifiche nyuma ya mzee, wala usisingizie homa au mitihani ya kidato cha nne. Shemeji ni shemeji, utani upo, na katika utani huo huo kuna nafasi ya kusema kweli bila kuvunja nyumba. Mwambie: "Shemeji, fadhila zako nimezila na sijazisahau, na siku nikiweza nitazirudisha. Lakini pale kijijini nilitumia jina langu kusema uongo, na jina hilo ndilo ninalofundishia. Sirudi tena kwa namna ile, na sitawaombea njia rafiki zako." Ukimaliza, nyamaza. Walimu mna ugonjwa wa kurudia somo. Atakurushia ule msemo wa fadhila ya punda. Mwache aurushe. Aliyekulipia ada alimlipia mpwa wake, hakununua ulimi wako, na nina hakika akipoa yeye mwenyewe hatataka kusikia kwamba ndivyo alivyomaanisha. Kama ndivyo alivyomaanisha, basi ni heri umejua sasa.

Kuhusu kucheka pale walipokucheka, usijisumbue. Kila mkwe amewahi kucheka utani unaomuuma.

Kisha mwenyekiti. Ukishamwona mwanasheria, nenda peke yako, kwa miguu yako. Usibebe sukari wala soda, maana ukifika na kifurushi utakuwa umekwenda kununua ukimya, naye ukimya huo alikwisha kukupa bure. Na usimwelezee habari ndefu za mila za Minnesota. Sema: "Mwenyekiti, nilikudanganya. Hazikuwa picha. Nimekuja kukuomba radhi, na kukwambia kwamba hawatarudi kupitia kwangu." Ukishasema hivyo huna tena mamlaka juu ya kitakachofuata. Anaweza kucheka akakutolea bata wa plastiki chini ya kitanda. Anaweza kukuambia lazima apeleke taarifa mbele, kwa sababu ndiyo kazi yake na kuna wanakijiji walioamshwa na mlio wa bunduki. Utakuwa umejiandaa kwa yote mawili. Mwulize pia aliyewaazima mtumbwi kama naye alipata maneno kwa ajili yenu. Huyo hukumtaja jina wala kazi, na ninahofia yeye ndiye aliyeulizwa wa kwanza asubuhi ile.

Umeniuliza pia, katika sehemu niliyoipunguza, kama kuna namna shemeji anaweza kupata raha yake bila ninyi kuingia matatani. Ipo moja rahisi na moja ngumu. Rahisi ni darubini. Mtu anayejua kuwapanga wale bata wa plastiki anajua ndege kuliko wengi wetu. Alfajiri ile ile, matete yale yale, anaweza kukaa nawe na wanao akawaonyesha nani ni nani, na safari hii ukimwambia mwenyekiti ni picha itakuwa ni picha kweli. Ngumu ni leseni. Ofisi ya wanyamapori ya wilaya iko hapo hapo Tukuyu, si safari. Wamwambie ni ndege gani wanaruhusiwa, msimu gani, eneo gani, kwa silaha gani na kwa bei gani. Ila kuna swali watakalomuuliza kabla ya hayo yote: pasipoti yake ya sasa ni ya nchi gani? Sisi hatuna uraia pacha, na kama amekwisha kuapa huko, kwenye daftari lao ataandikwa mgeni. Hilo nalo usimwendee wewe kuulizia. Ana miguu, aende mwenyewe akaulize kwa jina lake.